Upepo uliogeuka: uchambuzi wa usiku mmoja wa kupanda Kibo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kwenye Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, kwenye njia ya kusini-mashariki inayopitia kambi ya Barafu, mwezi wa pili, katika kile kiangazi kifupi kati ya vuli na masika. Mwaka, kampuni, majina ya watu na nchi walizotoka wageni vimeondolewa, na hesabu ya kundi imebadilishwa kidogo ili asitambulike mtu. Saa, mwinuko na hali ya hewa nimeviacha kama walivyovieleza waliokuwepo.

Nimekichagua kwa sababu hakuna aliyefanya uzembe wa wazi. Visa vya uzembe havifundishi sana. Msomaji huvisoma akijiambia kwamba yeye asingefanya hivyo, kisha anageuza ukurasa. Hapa kiongozi alikuwa mzoefu, alisoma utabiri, aliweka saa ya kugeuka, yaani saa ambayo kundi lingerudi popote lilipo, na bado mtu mmoja alipoteza sehemu ya vidole.

Usuli

Wageni walikuwa 8, wote watu wazima wenye afya. Waliongozwa na kiongozi mkuu mmoja na wasaidizi 3, pamoja na mpishi na wapagazi karibu 30. Ratiba ilikuwa ya siku 7. Usiku wa kileleni ungeanzia Barafu, mita 4,673, kupanda hadi Stella Point, mita 5,756, kisha kufuata ukingo wa kreta, shimo la volkano lililo juu ya Kibo, kuelekea magharibi hadi Uhuru, ncha ya juu kabisa, mita 5,895. Baada ya hapo wangeshuka moja kwa moja hadi kambi ya Mweka. Siku ya akiba haikuwepo.

Wageni wengi hudhani mlima ulio digrii tatu tu kusini mwa ikweta hauna majira ya baridi. Kwa maana ya miezi ni kweli. Kileleni wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na tofauti kati ya mwezi wa Julai na mwezi wa Februari ni ndogo kuliko tofauti kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo anayepanda Kibo usiku anapanda katikati ya baridi kali, mwezi wowote. Kinachobadilika kwa majira ni unyevu na upepo, na hivyo viwili ndivyo vilivyowaponza watu hawa.

Mlima pia una mzunguko wake wa kila siku ambao waongozaji wanaujua bila kufundishwa. Asubuhi anga ni safi. Jua likiupasha msitu, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hufika kambi za juu mchana, na jioni hewa ikipoa mawingu hushuka na kulala chini kwenye msitu. Desturi ya kuondoka karibu na saa sita usiku imejengwa juu ya mzunguko huo: panda anga likiwa wazi, fika kileleni jua linapochomoza, ondoka kabla mawingu hayajapanda tena.

Utabiri waliokuwa nao

Siku moja kabla, wakiwa kambi ya Karanga kwenye mita 3,995 ambako mtandao hupatikana, kiongozi alifungua programu ya simu aliyoizoea. Kwa kilele iliandika: nyuzi 7 chini ya sifuri, upepo kilomita 15 kwa saa, theluji sentimita 2. Siku mbili zilizotangulia ilikuwa imeandika karibu hayohayo, na zote mbili zilipita salama. Alipiga picha ya skrini, akawaonyesha wageni wakati wa chakula cha jioni.

Siku hizo kulikuwa na kimbunga cha baharini mashariki ya Madagaska. Kilikuwa kimetajwa kwenye habari, pamoja na maelezo kwamba hakielekei pwani ya Tanzania. Kiongozi alikisikia, kama kila mtu. Hakuona kinamhusu nini mtu aliyeko mlimani, zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka hapo.

Matukio kwa mfuatano

*Barafu, mchana hadi jioni.* Kundi lilifika kambini saa saba mchana, ukungu ukiwa umeshawatangulia. Hilo ni la kawaida. Ambalo halikuwa la kawaida ni kwamba saa moja jioni ukungu ulikuwa bado upo. Ulipopasuka kwa dakika chache, mpishi, mtu mzima kuliko wote pale, alimwita kiongozi nje ya hema la jiko amwonyeshe mawingu ya juu: yalikuwa yakitoka Kibo kwenda Mawenzi, kilele cha pili kilicho mashariki ya Kibo. Siku nyingi hutoka Mawenzi kuja Kibo. Kiongozi alimjibu kwa heshima, "Nimeyaona, mzee," akarudi kwenye hema la chakula kukagua vifaa vya wageni.

*Saa tatu usiku.* Mgeni mmoja mwenye uzoefu wa milima ya Ulaya alimwonyesha kiongozi saa yake ya mkononi yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kipimo kilikuwa kinapanda tangu jioni. Kwao, alieleza, kipimo kikipanda hali inatengemaa. Kiongozi alifurahi kusikia hivyo, maana wasiwasi aliopewa na mpishi ulikuwa bado unamsumbua.

*Saa tano na nusu usiku.* Waliondoka nusu saa mapema kuliko kawaida. Kambini kulikuwa na manyunyu yaliyochanganyika na theluji, ile inayoyeyuka ikigusa jaketi. Upepo ulikuwa mdogo, wa kushtukiza, mara unatoka juu mara unatulia kabisa.

*Saa saba hadi saa nane na nusu usiku.* Juu ya mita 4,900 manyunyu yakawa theluji kavu. Upepo uliendelea kuwa mdogo. Karibu na mita 5,200 wageni wawili walionyesha dalili za kuumwa na mlima. Mmoja alitapika, mwingine alianza kupepesuka. Kiongozi hakubishana nao. Aliwarudisha pamoja na msaidizi wa kwanza, na saa kumi na moja alfajiri walikuwa kambini.

*Saa kumi na nusu alfajiri.* Kwenye mita 5,550 hivi theluji ilikuwa imefika katikati ya muundi, na kwenye mikunjo ya mteremko ilifika magotini. Nyayo za watu wa mbele zilikuwa zinajaa kabla watu wa nyuma hawajapita. Kiongozi alisimamisha kundi, wakanywa chai ya tangawizi. Aliupima upepo usoni, akauona si wa kutisha, akaamua kuendelea.

*Saa kumi na moja na dakika ishirini.* Walitokeza Stella Point, na hapo ndipo upepo ulipowapiga. Mmoja wa wageni alipiga magoti. Kipimajoto cha kiongozi kilisoma nyuzi 9 chini ya sifuri. Upepo aliukadiria kilomita 50 kwa saa, ukiwa na vishindo vikubwa zaidi. Mwanga wa tochi ulikuwa unarudi usoni kutoka kwenye theluji inayoruka, na kibao cha Stella kilionekana walipokuwa hatua tano tu kutoka kilipo.

*Mgawanyiko.* Wageni wawili walisema wametosheka. Wanne walitaka Uhuru. Msaidizi wa tatu aliwashusha wale wawili. Msaidizi wa pili, kijana mwenye nguvu na mwepesi kwenye mwinuko, aliendelea na wale wanne. Kiongozi alibaki peke yake, akijibanza nyuma ya miamba chini kidogo ya ukingo. Kabla hawajaachana msaidizi wa pili aliona glavu za mgeni mmoja zimelowa na kuanza kukakamaa. Akamvalisha zake nene, yeye akavaa za sufu zilizokuwa mfukoni, ambazo zilipata unyevu tangu kambini.

*Ukingoni.* Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi walifika Uhuru. Hawakuona kitu. Kurudi Stella kwa kawaida ni chini ya saa moja. Wao walifika saa mbili na dakika kumi. Njiani walikuwa wamepinda kushoto, wakaanza kushuka kuelekea ndani ya kreta. Simu yenye ramani ilikuwa imezimika kwa baridi, na simu ya upepo ya msaidizi ilikuwa inakwaruza tu. Aligundua kosa kwa shavu lake: upepo uliopaswa kuwa mgongoni ulikuwa unampiga upande wa kushoto. Akawageuza, wakapanda tena hadi upepo ukarudi mgongoni, wakatembea wakisikiliza. Kiongozi alikuwa anapanda ukingoni kila baada ya dakika chache kupuliza filimbi. Waliifuata sauti hiyo.

Maamuzi na sababu zake

Kuondoka Barafu kulikuwa na sababu tatu kichwani mwa kiongozi: utabiri uliosema sentimita 2, kipimo cha mgandamizo kinachopanda, na ratiba isiyo na usiku wa pili. Alipoulizwa baadaye ipi ilikuwa na uzito zaidi, alisema ya tatu. Zile mbili zilimsaidia kutoifikiria ya tatu. Jibu hilo ni la mtu mkweli, na naona lina faida kwa anayejifunza kuliko grafu yoyote.

Kuendelea kwenye mita 5,550 kulitokana na upepo. Theluji ilikuwa nyingi kuliko ilivyotabiriwa, lakini kwa waongozaji wa Kibo theluji peke yake haigeuzi kundi. Inachosha, inachelewesha, ndiyo basi. Kinachogeuza kundi ni upepo, na upepo aliousikia usoni haukufika kiwango hicho.

Kuruhusu wanne waende Uhuru lilikuwa jambo la mabishano mafupi kwenye kelele. Kiongozi alisema hapana mara ya kwanza. Wageni walisema wana nguvu, na kwamba saa ya kugeuka waliyokubaliana, saa moja asubuhi, bado iko mbali. Hapo walikuwa sahihi: makubaliano yalihusu saa peke yake, hayakutaja upepo wala umbali wa kuona. Msaidizi naye alisema njia anaijua. Cheti cha hifadhi hutolewa pia kwa aliyeishia Stella, lakini mtu aliyetoka bara jingine kwa ajili ya kibao cha Uhuru hakitamtuliza cheti hicho saa ile.

Matokeo

Wageni wote 8 walishuka salama. Wawili walikuwa na ganzi ya vidole iliyoisha baada ya siku chache. Kiongozi alitetemeka kwa saa nzima ndani ya hema na hakuweza kushika kikombe.

Msaidizi wa pili alipovua zile glavu za sufu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeupe na vigumu. Siku ya pili vilitoa malengelenge. Helikopta haikuweza kuruka kwenye wingu lile, kwa hiyo alishuka kwa miguu yake mwenyewe hadi Mweka, akapelekwa hospitalini Moshi. Baada ya wiki kadhaa ncha za vidole hivyo zilikatwa. Alikosa msimu uliofuata wote, na kwa mwongozaji anayelipwa kwa safari, kukosa msimu ni kukosa mwaka.

Uchambuzi

*Sentimita 2 zilikuwa za wapi?*

Waliokuwepo bado wanasema utabiri ulidanganya. Mimi nasema ulisomwa visivyo. Modeli kubwa za dunia, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hewa, ambazo programu nyingi za simu huchukua namba zake humo, hugawa uso wa dunia katika miraba. Ile ya Ulaya ina miraba ya kilomita 9 hivi, ile ya Marekani kilomita 13 hivi. Sasa kumbuka kreta yote ya Kibo haifiki hata kilomita 3 kwa upana. Ndani ya mraba mmoja kilele kinachanganywa na uwanda wa juu, mabonde, na wakati mwingine ukingo wa msitu, kisha vyote vinapewa urefu mmoja wa wastani. Kwenye macho ya modeli Kilimanjaro ni kilima kipana chenye mgongo wa mviringo, kifupi kwa mamia ya mita, na katika modeli zenye miraba mipana zaidi hupungua kwa zaidi ya mita elfu moja.

Programu hujaribu kurekebisha. Kwa joto ni rahisi: hupunguza nyuzi sita au sita na nusu kwa kila kilomita ya mwinuko, na ndiyo maana joto walilotabiriwa lilikaribiana na lile walilolikuta. Kwa theluji na upepo hakuna hesabu rahisi ya namna hiyo. Sentimita 2 zilikuwa wastani wa mraba mzima, si kiasi cha theluji kwenye njia ya Stella. Kilomita 15 kwa saa ulikuwa upepo wa karibu na ardhi ya kilima kile cha kubuni, uliopunguzwa kasi na msuguano wa ardhi ambayo haipo.

*Ramani ambayo ingewasaidia*

Watabiri hawachori upepo kwa mita tu; huuchora kwa viwango vya mgandamizo. Kwenye tropiki kiwango cha hektopaskali 500 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) huwa kwenye mita 5,870 hivi, na hakihamihami sana kama kwenye nchi za baridi. Uhuru ni mita 5,895. Yaani ramani ya upepo ya hektopaskali 500, ambayo kila mtabiri duniani anaichora, kwetu ni ramani ya upepo wa kileleni, karibu kabisa. Hekto 600 ziko kama mita 4,400, chini kidogo ya Barafu. Hekto 700 ziko karibu na mita 3,150, mwinuko wa kambi ya Mweka. Tovuti na programu kadhaa za bure zinaonyesha viwango hivi. Ni kubadilisha kitufe cha mwinuko tu. Hata muda wake unafaa: ramani ya saa sifuri ya kimataifa kwetu ni saa tisa usiku, wakati ambao kundi liko katikati ya mteremko.

Hewa huru ya kiwango hicho haisuguani na mlima, na kwenye ukingo wa kreta kasi yake inaweza hata kuongezeka kwa sababu upepo unabanwa unapopita juu ya kilele. Kwa hiyo namba ya hekto 500 ichukuliwe kama makadirio ya kuanzia, si kikomo.

*Mwelekeo ulikuwa na habari kuliko kasi*

Juu ya Kibo upepo wa kawaida hutoka mashariki. Kati ya Novemba na Aprili hutokea siku chache ambazo upepo wa juu hugeuka na kutoka magharibi, ukileta hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo. Watafiti wa hewa wameona kwamba siku hizo mara nyingi huandamana na vimbunga vya baharini vilivyoko mashariki ya Madagaska, na kwamba huleta mvua kubwa Afrika Mashariki. Kimbunga kisichoelekea pwani yetu kinaweza kutugeuzia upepo mlimani. Mpishi hakuwa anajua habari za Madagaska, wala hakuhitaji. Alijua mawingu ya juu yanakwenda upande usio wao, na ukungu haujashuka jioni. Ukungu uliopandishwa na jua hushuka jua likitua; ukibaki, maana yake kuna unyevu mwingine unaoletwa kutoka mbali, na mzunguko wa kila siku ambao safari nzima ya usiku inautegemea haupo tena.

*Kukingwa na mlima wenyewe*

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Njia ya Barafu iko upande wa kusini-mashariki. Upepo wa mashariki ukivuma, mpandaji anaupata usoni au ubavuni kuanzia kambini, na anajua mapema kinachomsubiri. Ukivuma wa magharibi, mteremko huohuo uko upande uliokingwa, na mpandaji yuko kama aliyejibanza nyuma ya ukuta. Upepo mdogo wa kushtukiza unaotoka juu na kutulia ni mabaki ya upepo mkubwa unaoruka ukingo. Kiongozi aliupima upepo kwenye mita 5,550 kwa uaminifu kabisa, lakini alikuwa anapima ukuta. Kila mita aliyopanda ilimpa uthibitisho wa uongo, mpaka Stella.

Upande uliokingwa hufanya jambo la pili: hupokea theluji ya upande wa pili. Upepo huisomba kutoka kwenye kreta na miteremko ya magharibi, ukivuka ukingo unapungua kasi na kuiangusha. Ndiyo maana sentimita 2 za utabiri zikawa theluji ya magotini kwenye mikunjo. Theluji nyingi pamoja na upepo mdogo, kwenye njia hiyo, ni ishara ya upepo mkubwa juu. Viwili hivyo vilionekana pamoja kwa saa mbili, na kila kimoja kilisomwa peke yake.

*Saa ya mgeni*

Katika nchi za kaskazini kushuka kwa mgandamizo hutangulia dhoruba, na saa hizo hutengenezwa kwa ajili ya huko. Kwenye tropiki mgandamizo hubadilika kidogo sana kwa sababu ya dhoruba. Hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa utaratibu wake: juu kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa tatu usiku kipimo kilikuwa kinapanda kwa sababu hupanda kila siku muda huo, hata kama kuna radi. Mgeni hakuwa na nia mbaya. Alileta ujuzi wa kweli mahali usipofanya kazi. Mwongozaji akijua utaratibu huu atamjibu kwa upole na asibadilishe lolote.

*Kwa nini vidole viliganda*

Ukichukua jedwali la baridi ya upepo, linaloonyesha baridi anayoihisi mtu upepo ukivuma, nyuzi 9 chini ya sifuri na kilomita 50 kwa saa hutoa kama nyuzi 20 chini. Utabiri wa programu ungetoa 13 chini. Tofauti ni kubwa, lakini hata 20 chini, kwa mtu mkavu mwenye glavu, si kiwango cha kugandisha vidole haraka. Tena jedwali limetengenezwa kwa hewa nzito ya chini; hewa ya kileleni ina uzito wa karibu nusu tu, na hunyang'anya joto polepole zaidi.

Kilichogandisha vidole ni maji. Kwenye tropiki mstari wa sifuri, yaani mwinuko ambapo joto hufika nyuzi sifuri, huwa karibu na mita 4,800, hatua chache juu ya Barafu. Kambini theluji iliyeyuka kwenye nguo. Mita mia tatu juu yake maji hayo yakaanza kuwa barafu. Glavu za sufu zililowa chini zikagandia juu. Ongeza oksijeni nusu ya ile ya baharini, damu inayokimbilia kifuani na kichwani, na mtu aliyetembea saa mbili na dakika arobaini ukingoni akiwa ameshika fimbo za chuma. Kilichobaki hapo ni hesabu tu.

Kilichonikera ni mpangilio wa vifaa. Wageni walikaguliwa jozi mbili mbili za glavu kabla ya safari. Wasaidizi hawakukaguliwa. Ilichukuliwa kwamba mtu wa mlimani anajua kujitunza, na kweli alijua. Ila hakuwa na jozi ya tatu, na kazi yake ilikuwa kumtoa mgeni salama kwa lolote alilonalo.

*Yaliyofanya kazi*

Kuwarudisha wawili kwenye mita 5,200 bila mabishano kulipunguza kundi kabla ya mahali pabaya. Wangefika Stella katika hali ile, hadithi ingekuwa nyingine. Kiongozi kubaki ukingoni na filimbi ndiko kulikowaokoa wale watano, ingawa kubaki peke yake kulimweka yeye hatarini, na kundi la wasaidizi 3 halikuacha nafasi nyingine baada ya kugawanyika mara tatu. Na msaidizi kuutumia upepo kama dira, akiwa na wageni waliochoka nyuma yake na hofu yake mwenyewe, ni uongozaji wa hali ya juu. Haukuandikwa kwenye mtihani wowote aliowahi kufanya.

Kilichobadilishwa baadaye

Kampuni ile ilifanya kikao na waongozaji wake wote, mpishi akiwemo. Sasa kiongozi akiwa Karanga anaangalia upepo wa hekto 500 na 700, kasi na mwelekeo, na kuandika kwenye daftari la safari. Ukitoka magharibi, usomaji wa upepo kwenye mteremko wa Barafu hauhesabiwi kama ushahidi wa hali ya kileleni, na kundi huambiwa tangu jioni kwamba uamuzi utafanyika Stella na unaweza kuwa wa kurudi. Masharti ya kugeuka yameongezewa mawili kando ya saa: kutoona kibao cha Stella kutoka hatua ishirini, na mtu yeyote kushindwa kusimama wima kwenye upepo. Wageni huyasaini kabla ya kupanda, maana mabishano ya ukingoni hayana mshindi. Kundi hupanda na jozi mbili za glavu nene za akiba za wafanyakazi, zilizofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na hazitolewi kabla ya mita 5,000.

Siku ya akiba bado haijaingia kwenye ratiba. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, wapagazi hulipwa kwa siku, chakula hubebwa kwa siku, na mpaka sasa hakuna aliyekubali kulipia usiku ambao huenda usitumike.